Friza Tatu za Mizani

Kwa miaka tisa, kila Jumamosi, mshona vitabu wa Nyumba ya Kumbukumbu alikuwa akitoka kazini anapitia buchani kwa shemeji yake. Shemeji anamkabidhi kifurushi cha nyama laini isiyo na mfupa, naye anakipeleka nyumbani kwa mama mkwe wake. Mama mkwe anakula taratibu, anafuta midomo, kisha anasema, "Nyama nzuri hii. Muuzaji wake sijui ni nani."

Alimjua fika. Muuzaji alikuwa mwanawe wa pili, kitinda mimba wake.

Mtaani walimwita Mizani, kwa sababu mizani ya bucha lake haikuwahi kumpunja mtu. Mshona vitabu naye walimwita Gundi, maana gundi haikumtoka kwenye kucha hata siku za sherehe. Gundi alikuwa ameolewa na kaka yake Mizani, dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuonekana nyumbani wiki moja kwa mwezi. Kwa hiyo aliyekaa na mama, aliyempeleka hospitali kuangaliwa macho yaliyokuwa yakiingia ukungu, na aliyebeba salamu zisizosemwa kutoka buchani hadi nyumbani, alikuwa yeye.

Ugomvi wenyewe mtaa mzima uliujua. Baba yao alikuwa karani wa mtaa, mtu wa kalamu na wino, na alitaka mdogo ashike kalamu hiyo. Mdogo akaacha shule akaenda kuswaga ng'ombe mnadani. Baba na mwana wakawa watu wa kusalimiana kwa kukohoa. Siku baba alipofariki, Mizani alikuwa mbali akinunua ng'ombe, huko ambako simu haishiki. Alifika siku ya tatu baada ya mazishi. Akabisha hodi kwa mama yake, mlango haukufunguliwa, akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo mama hakutaja jina lake, na yeye hakukanyaga kizingiti kile.

Nyumba ya Kumbukumbu, alikofanya kazi Gundi, ilikuwa jengo la zamani la ghorofa moja. Humo ndimo yalimowekwa madaftari ya mtaa, zaidi ya mia mbili na hamsini. Kwa miaka themanini makarani walikuwa wameandika humo kila kitu: nani kazaliwa, nani kaoa, kisima hiki kilichimbwa na nani, uchochoro ule uliitwaje kabla haujaitwa hivi, hata maneno ya nyimbo ambazo akina mama waliwabembelezea watoto. Baba mkwe wa Gundi alikuwa ameandika peke yake miaka ishirini na sita ya madaftari hayo. Gundi aliyashona yaliyochanika, akayabandika migongo mipya, na mwandiko wa mzee aliujua kuliko alivyojua sauti yake.

Tatizo lilikuwa chumba. Madaftari yalikaa chini, ngazi tatu kutoka usawa wa barabara. Juu palikuwa na ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki.

"Mkuu, tubadilishane," Gundi alimwambia bosi wake si mara moja. "Viti vishuke, madaftari yapande."

"Gundi, hapa hapajawahi kufurika tangu nizaliwe."

"Umezaliwa juzi, Mkuu."

Mkuu alicheka, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na kijana kwa cheo chake, lakini hakubadilisha kitu. Gundi akafanya alichoweza. Aliandika karatasi, akaibandika mlangoni kwa ndani: *Maji yakiingia. Kwanza, watu. Pili, rafu ya kushoto, yenye madaftari ya kale. Tatu, rafu ya katikati. Usifungue kitabu kilicholowa.* Wafanyakazi wenzake walipita hapo kila siku wakaizoea, ikawa kama sehemu ya rangi ya mlango.

Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya nne, Jumanne, saa nne asubuhi, maji yaliingia. Hayakuingia kwa mlangoni kama Gundi alivyotarajia. Yalichipuka kwenye tundu la sakafu, upande wa nyuma, meusi, yakitoa sauti kama mtu anayesukutua mdomo. Kabla Gundi hajamaliza kukunja sketi yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Alinyanyua madaftari mawili ya kwanza akayaweka ngazini. Akageuka kuchukua mengine, macho yakagonga karatasi yake mwenyewe. *Kwanza, watu.* Mama mkwe wake alikuwa nyumbani peke yake, chumba cha chini, haoni vizuri.

Akayaacha mengine, akapanda ngazi mbio.

"Unaenda wapi?" Mkuu alimwita kutoka ghorofani. "Gundi! Madaftari!"

"Soma mlangoni!"

Njiani watu walikuwa wamebeba magodoro vichwani, wengine wakivuta mbuzi, wengine wakiita watoto kwa sauti za kuhesabu. Gundi alifika nyumbani maji yakiwa kiunoni. Alimkuta mama mkwe ameketi juu ya meza ya kulia, miguu ameikunja, redio mapajani.

"Ni wewe?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Nilijua utakuja. Ndiyo maana sikupiga kelele, nisije nikakuchosha."

Fundi baiskeli wa nyumba ya pili alikuja na kiti cha mbao. Wakamketisha mama, wakambeba juu juu, Gundi mbele na fundi nyuma, wakakata maji hatua kwa hatua hadi shule iliyo mwinukoni.

"Taratibu huko nyuma," mama alimwambia fundi. "Mimi si gurudumu."

Gundi hakujua acheke au alie. Alihakikisha mama amepata kona kavu ndani ya darasa la tatu, akamfunika kitambaa cha jirani, akarudi kazini. Hakuweza kuingia. Maji yalikuwa yamefunika dirisha la chumba cha chini. Ngazini alikuwa ameketi Mkuu, amelowa hadi shingoni, anatweta, na kando yake madaftari arobaini na mawili ya rafu ya kushoto.

"Niliisoma," Mkuu alisema. "Nimefika namba mbili tu."

Gundi alikaa karibu yake.

Kesho yake maji yalishuka. Hakuna aliyekufa mtaani, na kwa hilo watu walishukuru kabla ya yote, ingawa nyumba zilibaki na matope hadi madirishani na umeme haukuwepo. Gundi na Mkuu waliingia chumba cha chini na ndoo. Madaftari zaidi ya mia mbili yalikuwa yamevimba, mengine yameanguka, mengine yamebanana rafuni kiasi cha kukataa kutoka. Yalinuka udongo.

"Tuyaanike juani," Mkuu alisema.

"Ukiyaanika juani yatakuwa matofali. Na ukiyaacha hivi hivi, baada ya siku mbili yataota ukungu na kurasa zitashikana moja kwa moja."

"Sasa tufanye nini?"

Gundi alikumbuka mafunzo ya wiki mbili aliyowahi kupelekwa zamani, akiwa bado msichana. Mwalimu wao, mama mmoja mnene mwenye mzaha, aliwaambia kuwa kitabu kilicholowa ukifanyie kama samaki: kigandishe haraka, kisha utakishughulikia kwa nafasi yako. Barafu inazuia ukungu. Barafu inasimamisha saa.

"Tunahitaji friza," alisema. "Kubwa, zaidi ya moja. Na jenereta."

Wakatazamana. Mtaa mzima, mwenye friza kubwa na jenereta alikuwa mmoja tu, na bucha lake lilikuwa barabara ya juu ambako maji hayakufika.

Mizani alikuwa anakata mbavu Gundi alipoingia, miguu imejaa matope hadi magotini.

"Shemeji! Mko salama?"

"Tuko salama. Nimekuja kuomba friza zako."

"Moja?"

"Zote tatu."

Mizani aliweka panga chini. "Za nini?"

"Vitabu."

Alimtazama kama mtu anayetafuta dalili ya homa. "Shemeji, unataka nigandishe vitabu kwenye friza za nyama. Na nyama niiweke wapi, kwenye rafu za vitabu?"

"Nyama iko kiasi gani?"

"Ng'ombe wawili na nusu. Nimechinja juzi tu."

Gundi alimweleza habari za ukungu na za siku mbili, na jinsi moja ilivyokwisha kupita. Mizani alisikiliza huku akifuta mikono kwenye aproni, akifuta tu, hata baada ya mikono kukauka. Mwishoni Gundi alisema, "Ni yale madaftari ya mzee. Yote aliyoandika yalikuwa rafu ya katikati."

Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta.

"Yule mama yuko wapi?" aliuliza. Hakusema 'mama yangu'.

"Yuko shuleni. Darasa la tatu."

"Uzeeni amerudishwa la tatu?" Tabasamu likamponyoka, likapotea. "Amekula?"

"Wamekula biskuti. Watu ni mia nne pale, na hakuna jiko lenye kitu."

Mizani alifungua friza ya kwanza. Alitazama ndani muda mfupi, kama mtu anayeaga, kisha akaanza kutoa nyama. Alitoa yote. Aliipakia kwenye mkokoteni, akaifunika, akausukuma mwenyewe mwinukoni hadi getini kwa shule, akaikabidhi kwa akina mama waliokuwa wamewasha moto uani. Hakuingia darasani. Alisimama getini akinyoosha shingo, akaona upande wa kichwa cha mama yake kupitia dirishani, akageuza mkokoteni.

Mchana ule watu mia nne walikula. Jioni kabla ya giza, madaftari mia mbili na kumi na saba, kila moja limefungwa karatasi ya nailoni na kuandikwa namba, yalikuwa yamelala ndani ya friza tatu mahali pa mapaja na mbavu. Mizani aliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: *Leo hakuna nyama.* Mpita njia mmoja akauliza kuna nini basi. "Kuna historia," Mizani alimjibu, "lakini imeganda."

Wiki tatu zilipita. Umeme ulirudi, watu wakarudi nyumbani kufukuza matope. Gundi akaanza kazi yenyewe. Kila asubuhi walitoa madaftari kumi, wakayaacha yalegee, kisha kila ukurasa uliachanishwa na mwenzake, ukawekewa karatasi nyeupe ya kunyonya maji, na feni zikapuliza. Madaftari yangeyeyuka kama yangehamishwa mbali, kwa hiyo kazi ilifanyika chumba cha nyuma cha bucha, kwenye meza ndefu yenye vigae. Nyama Mizani aliuza kidogo kidogo, anachinja asubuhi inaisha mchana.

Kazi ilihitaji mikono, na mikono mizuri haikupatikana. Mkuu alijitolea, akachana kurasa nne kwa saa moja, akapewa kazi ya kubadilisha karatasi. Fundi baiskeli alikuja siku moja, akasema heri aunge mnyororo gizani.

Mama mkwe alisikia habari hizi nyumbani. "Kwani inatakiwa macho au vidole?" aliuliza.

"Vidole, mama. Unasikia kwa ncha ya kidole mahali karatasi inapokubali."

"Nimeshona nguo miaka arobaini. Hariri naijua kwa kuigusa, na upande wake wa nje. Nipeleke."

Gundi hakumwambia ni wapi. Alimshika mkono, wakatembea polepole, na walipofika mlangoni mama alisimama, akainua pua.

"Hapa ni buchani."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nani?"

Ndani, Mizani aliacha kila alichokuwa anafanya. Alisimama na kisu mkononi kama mtoto aliyekutwa na kitu si chake.

"Kwa muuzaji wa ile nyama nzuri," Gundi alijibu.

Mama alipapasa mwimo wa mlango kwa vidole. "Madaftari ya mume wangu yamo humu?"

"Yamo."

"Basi nionyeshe kiti."

Na kweli, vidole vyake vilikuwa na maajabu. Aliinamisha kichwa pembeni kama anayesikiliza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa daftari, akapuliza kidogo, ukurasa ukaachia. Siku ya kwanza aliachanisha kurasa tisini na hakuchana hata mmoja. Lakini hakusema na mwanawe. Alisema na Gundi.

"Mwambie muuza nyama feni yake inanipuliza sikioni."

Mizani, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka pale, alisogeza feni.

"Mwambie mama, hapo inatosha?"

"Mwambie inatosha."

"Mimi ni mshona vitabu," Gundi alisema, "si posta."

Hakuna aliyecheka, lakini mama alijifuta pua kwa muda mrefu kidogo.

Ikawa hivyo siku kumi na moja. Mizani alinunua mto akauweka kwenye kiti cha mama kabla hajafika. Siku iliyofuata mama alileta chai kwenye chupa, na vikombe vitatu. Kikombe cha tatu alikisukuma mezani bila kusema ni cha nani. Mizani alikinywa chai ikiwa ya moto mno, macho yakamtoka machozi, akasingizia mvuke.

Siku ya kumi na mbili lilifunguliwa daftari lenye jalada la kijani lililopauka. Wino wake haukuwa umekimbia. Mzee alikuwa akitumia wino wa zamani ule unaong'ang'ania karatasi. Mama aligusa mistari.

"Huyu ni yeye," alisema. "Alikuwa akikandamiza kalamu kama anachimba. Nisomee, mwanangu."

Alikuwa anamwambia Gundi. Lakini Gundi alikuwa ametoka uani kutupa maji, na chumbani alikuwepo Mizani peke yake. Alisogea. Alikohoa. Akasoma, kwa kusitasita, maana mwandiko wa baba yake hakuwa ameutazama kwa ukaribu tangu alipoacha shule.

"'Leo ni siku ya nne baada ya mafuriko. Naandika ili watakaokuja wasibahatishe. Maji hayakutoka mtoni kama watu wanavyodhani. Yametoka nyuma, kwenye bonde la matanuri ya matofali, yakafuata mfereji mkubwa ulio nyuma ya uchochoro wa washonaji. Mfereji huo ndio uliotuokoa. Uliyameza maji siku mbili mfululizo. Atakayeuziba atakuwa amewafungia wenzake mlango wa kutokea.'"

Gundi alirudi, akasimama na ndoo yake tupu. Uchochoro wa washonaji ulikuwa hapo hapo, mita mia moja. Nyuma yake kulikuwa na ghala kubwa, na mfereji hakuna aliyekuwa akiukumbuka.

"Endelea," mama alisema.

"'Mke wangu alibeba sufuria na nguo. Mkubwa alishika mkia wa shati langu. Mdogo nilimbeba begani. Hakulia hata kidogo. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama ng'ombe wa jirani anajua kuogelea. Nilimwambia anajua. Tulipofika juu alikataa kula mpaka nilipokwenda kumtazama ng'ombe, nikamrudishia jibu kuwa yuko hai.'" Mizani alilisogeza daftari karibu. "'Haya si mambo ya ofisi, lakini nayaandika. Mtoto huyu ana moyo wa kuchunga. Nadhani kalamu haitamfaa, na mimi itabidi nijifunze kulikubali hilo.'"

Feni ziliendelea kuzunguka. Mizani aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho kana kwamba ungetoroka.

"Hakuniambia," alisema.

"Hakujua kusema," mama alijibu. "Alijua kuandika tu. Hata mimi alininunia kwa barua, tukiwa nyumba moja."

Lilikuwa neno la kwanza kati yao kwa miaka tisa, na hakuna aliyeona haja ya kulitangaza.

"Nilichelewa, mama," Mizani alisema. "Habari zilinipata nikiwa mbali. Nilisafiri siku mbili juu ya lori la mahindi. Nilipobisha…"

"Ulibisha mara moja."

"Mama?"

"Mara moja tu. Nilikuwa nimelala chini, kwenye mkeka, uso umejaa machozi. Nikasema ngoja ninawe, mwanangu asinione hivi. Nikanawa. Nikafunga kitambaa vizuri. Nilipofungua hukuwepo." Sauti yake ilikuwa tulivu, kama anayesimulia habari za jirani. "Nikasema, kumbe mtu aliyekosa mazishi ya baba yake hawezi hata kubisha mara ya pili. Nikakasirika. Halafu hasira ikazoea, ikawa inakaa tu."

"Nilidhani umenifungia."

"Na mimi nilidhani umenisusa."

Gundi, aliyekuwa ameolewa katika familia hii miaka ishirini na saba, alitamani kuwapiga wote wawili kwa ndoo. Badala yake aliiweka chini, akajifanya anatafuta gundi uani, akalia huko mpaka akatosheka. Aliporudi alimkuta Mizani amepiga magoti vigaeni, kichwa mapajani kwa mama yake, na mama anampapasa nywele.

"Umeota mvi," mama alikuwa anasema. "Nani alikuruhusu?"

Ukurasa ule Gundi aliukausha peke yake, siku mbili, kisha akampelekea Mkuu. Mkuu aliusoma amesimama. Jumapili iliyofuata mtaa uliitwa kwenye mkutano, na Mkuu akausoma kwa sauti, kasoro zile habari za ng'ombe, ambazo Mizani alimwomba aziache. Wazee watatu wakainuka wakasema kweli, mfereji ulikuwepo, walicheza humo utotoni. Mwenye ghala naye alikuwepo. Hakuwa mtu mbaya. Alinunua kiwanja kikiwa kimekwisha kufukiwa. Alijitetea, akakasirika, akaondoka, akarudi wiki ya pili na fundi wa kupima mahali mfereji utakapopita. Ilichukua miezi mitano ya maneno na mwezi mmoja wa majembe. Mfereji ukapita kando ya ghala, si pale pale ulipokuwa, ila ukapita. Mvua kubwa iliyofuata watu walikaa vibarazani kuutazama ukifanya kazi.

Madaftari sita hayakupona. Mengine yana mawimbi na madoa, lakini yanasomeka. Yako ghorofani sasa, na mikutano inafanyika chini. "Viti vya plastiki vinaelea," Mkuu huwaambia wageni, kana kwamba wazo lilikuwa lake, na Gundi humwachia.

Mizani alirudia kuuza nyama kama zamani, na jioni hupitia kwa mama yake bila kubisha. Kaka yake, alipopigiwa simu barabarani akaambiwa, aliuliza kama ni kweli au wanamtania ili arudi haraka.

Kabla nyumba ya mama haijapakwa rangi upya, Gundi alifika na daftari jipya alilolishona mwenyewe. Mtaa ulikuwa umeamua kuandika habari za mafuriko haya pia, kila nyumba kwa maneno yake, na ilikuwa zamu ya mama. Fundi wa rangi alikuwa ameketi nje akisubiri, brashi zake ndani ya kopo. Mizani alishika kalamu.

"Tuanze na maji yalifika wapi," Gundi alisema.

Ukutani palikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka chumba kizima. Mama aliinuka kwenye kiti akaenda kusimama kando ya ukuta, mgongo umeugusa, kama mtoto anayepimwa urefu. "Nionyeshe," alimwambia mwanawe.

Mizani aliweka kiganja kwenye mstari. Kilikuwa usawa wa bega la mama yake. Alikiacha hapo, akilitazama lile bega dogo.

Mama akakipapasa kile kiganja, akapima kwa vidole vyake umbali uliobaki hadi shingoni.

"Begani," alisema. "Kaa chini uandike: begani. Fundi wa rangi anatusubiri."